Kamvua, Kamwachia, Nyumba Ikawaka Moto!

Nilipanga leo tuongelee bajeti ya wapendanao, lakini hiyo itasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Krismasi kama mwiba wa samaki, na bora nilitoe. Tena ni la samaki kweli.

Wanaonisoma siku zote wanajua mimi ni mtoto wa Pangani niliyeolewa Nyeri, kule Kenya. Kwetu samaki hana maneno mengi. Baba yangu alikuwa anaingia baharini na ngalawa usiku, asubuhi mama anamsubiri ufukweni na ndoo. Kuna dema, kuna jarife, kuna mshipi wa mkono. Aliyepata kapata, aliyekosa atajaribu kesho. Na kama mtu angepata samaki mzuri, akambusu, akapiga naye picha halafu akamrudisha majini kwa hiari yake, asikwambie mtu, huyo tungemsomea dua.

Basi Mungu si Athumani, nikaolewa na mwanaume wa namna hiyo hiyo!

Mume wangu anavua kwa nzi wa bandia. Kwa wasiojua, ngoja nieleze kidogo. Samaki anayetafutwa anaitwa trauti, na anaishi kwenye mito ya maji baridi yanayokwenda kasi. Chakula chake kikubwa ni wadudu wadogo wa mtoni. Mvuvi anachukua ndoana ndogo, nyingine haifiki hata punje ya mchele, anaizungushia uzi, manyoya ya jogoo na nywele za mnyama mpaka inafanana na mdudu. Huyo ndiye nzi. Kwa kuwa hana uzito, huwezi kumtupa kama ndoana yenye risasi. Uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, kwa hiyo mvuvi anaupeperusha hewani mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka unyooke na kumtua nzi juu ya maji taratibu, kama vile kadondoka mwenyewe. Ukikosea kidogo, nzi ananasa kwenye mti nyuma yako. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima wa benki, mwenye ofisi na msaidizi, anapanda mti wa watu kufuata nzi!

Alimrithi baba yake. Baba mkwe wangu ana miaka 79 na anaishi upande wa Othaya, karibu na mto Gura unaoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Mzee anavaa tai kwenda mtoni, sitanii. Fimbo yake ni ya mianzi iliyochongwa na kuunganishwa kwa gundi, anaifuta kwa kitambaa kila akitoka mtoni. Anatumia nzi wa kuelea tu, na anamrusha kwenda juu ya mkondo. Samaki akipatikana anaingia kwenye kikapu, kikapu kinakwenda jikoni. Kwa mzee, hiyo ndiyo sheria.

Mume wangu yeye ana fimbo ndefu ya kaboni, nyepesi kama unyoya. Nzi wake wamewekewa shanga nzito ili wazame mpaka chini, kwenye mawe, ambako samaki anakula muda mwingi zaidi. Ndoana zake zimebanwa kile kijino kinachozuia isichomoke. Ana kipimajoto cha kupimia maji. Na kila samaki anarudi mtoni. Kila samaki!

Kwa miaka mingi wazee hawa wawili (na wangu naye nywele zimeanza kupukutika) walitaniana tu. Mpaka Krismasi iliyopita.

Mama yangu mzazi alikuja kutoka Pangani, mara yake ya kwanza kukanyaga kwa wakwe. Baba mkwe alifurahi ile mbaya. Akatangaza mbele ya watu wote, "Mkwe wangu ni mtu wa samaki. Leo atakula samaki wa mto wangu." Kwa kuwa miguu yake siku hizi haina nguvu ya kusimama kwenye mkondo, akamwambia mwanawe wafuatane. Mimi na binti yetu wa miaka tisa tukaenda kuangalia.

Saa tatu nzima mzee hakupata kitu. Macho yake hayamwoni tena nzi vizuri akiwa juu ya maji. Kisha fimbo ya mume wangu ikapinda. Kazi ikaanza, na baada ya muda akamleta kwenye kimia trauti mnene mwenye madoa, kama kilo moja hivi. Mzee akasogea kwa furaha, akafungua kikapu, akakinyoosha.

Na mume wangu, kwa mazoea tu, akalowesha mikono, akachomoa ndoana, akamshika yule samaki chini ya maji akielekea mkondo, akafungua vidole. Samaki kaondoka.

Mzee akabaki amesimama, kikapu kiko wazi.

Hakusema neno mpaka usiku, baada ya wageni kulala. Nilikuwa naosha vyombo nikasikia kila kitu. "Umemdharau mkwe wangu na mimi umenivua nguo. Kumtesa samaki halafu kumwachia ni mchezo wa watu walioshiba." Mume wangu naye, badala ya kuomba radhi, akajibu, "Baba, mto umepungua maji na samaki wamekwisha. Mkiendelea hivi, mjukuu wako atawaona kwenye picha tu." Alfajiri tukafunga mizigo tukarudi Nairobi. Miezi mitatu baba na mwana hawakupigiana simu. Miezi mitatu, mpenzi msomaji, kwa ajili ya samaki wa kilo moja!

Nikampigia mama Pangani kumwomba radhi. Unajua alinijibu nini? "Mwanangu, samaki mimi nakula kila siku. Nilifurahi kweli kuona mbuzi." Kumbe aliyegombaniwa hata hakuwa na habari!

Kiukweli mwanzoni nilikuwa upande wa mzee. Si unajua damu ya Pangani tena. Lakini mtu ukiishi na bubu ndani ya nyumba unatafuta cha kufanya, nikaanza kusoma vitabu vya mume wangu, vile ambavyo siku zote nilivitumia kuegeshea kikombe. Nikakuta ugomvi wetu si mpya hata kidogo.

Huko Uingereza, kwenye mito ya Hampshire kama Test na Itchen, alikuwepo bwana mmoja anaitwa Frederic Halford. Mwaka 1886 alitoa kitabu kuhusu nzi wa kuelea, na wafuasi wake wakakigeuza kama msahafu. Muungwana anatumia nzi wa kuelea tu, anamrusha kwenda juu ya mkondo, na anamlenga samaki aliyemwona akila. Ukifanya vingine wewe ni mhuni. Kisha akatokea mwanasheria, George Skues, ambaye mwaka 1910 aliandika kwamba samaki anakula chini ya maji pia, kwa hiyo hakuna ubaya kumpelekea nzi huko huko. Moto ukawaka! Mwaka 1938 ukafanyika mdahalo mzima kwenye klabu ya wavuvi wa nzi ya London, Flyfishers' Club, na Skues akiwa na miaka 79, umri ule ule wa mkwe wangu, akawekwa kitimoto kwa sababu ya nzi anayezama. Leo nzi anayezama ni jambo la kawaida kila mahali. Na wanaotumia nzi wa kuzama leo, baadhi yao wanawanunia vijana wenye fimbo ndefu na shanga nzito kama wangu, wakidai huo si uvuvi wa nzi.

Umeiona hiyo? Kila kizazi kinaanza na uhuni, kinamaliza na sheria.

Hata ile fimbo ya mianzi ya mzee. Kabla yake kulikuwa na fimbo za mti mgumu na mishipi iliyosokotwa kwa nywele za mkia wa farasi. Kwa wazee wa wakati ule, mianzi na mshipi wa hariri ndiyo ilikuwa mitindo ya vijana wa mjini. Baada ya Vita vya Pili ikaja fimbo ya nyuzi za kioo, miaka ya 1970 ikaja kaboni, na kila mara kuna mtu alisimama ukingoni kutikisa kichwa. Mwaka 1992 Robert Redford alipotoa filamu ya A River Runs Through It, na Brad Pitt yumo, vijana wengi wa mijini Marekani walikimbilia mitoni, na wenyeji wakalalamika kwamba sasa hata pa kusimama hakuna. Nayo hadithi yenyewe ni ya baba na wanawe wawili ambao mtoni wanaelewana kuliko popote pengine.

Na huku kumrudisha samaki je? Mmarekani Lee Wulff alianza kuhubiri mwishoni mwa miaka ya 1930 kwamba samaki wa namna hii ana thamani kubwa mno kuvuliwa mara moja tu. Wakati ule wengi walimwona kachanganyikiwa. Leo Scotland, zaidi ya samoni 9 kati ya 10 wanaovuliwa kwa fimbo wanarudishwa majini. Hapo mume wangu akanyanyua mabega. Nikamwambia, ngoja kwanza usishangilie! Nchini Uswisi sheria ya kulinda wanyama inakataza kwenda kuvua kwa nia tu ya kumwachia samaki. Wao wanasema kama huna haja ya kumla, usimsumbue. Yaani lile neno la mzee, mchezo wa watu walioshiba, kuna nchi nzima limeandikwa kwenye sheria. Wangu wa ubani akanywea.

Lakini vitabu havimpigii baba simu. Mwezi wa tatu nikaomba ruhusa kazini, nikapanda matatu peke yangu mpaka Othaya.

Nilimkuta mzee kwenye meza yake ya kufungia nzi. Ndoana imebanwa kwenye jiliwa dogo, uzi mkononi, miwani puani, na vidole vinatetemeka. Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba kwa ile lafudhi yake inayonifurahisha siku zote. Sikuanza na samaki. Nilimuuliza alianzaje.

Mpenzi msomaji, nimekuwa mke wa mtu kwenye ile familia miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kuuliza swali hilo. Mume wangu naye hakuwahi.

Trauti si mwenyeji wa Kenya. Mayai yake yaliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Scotland, na mlowezi Ewart Grogan, yakawekwa mto huo huo wa Gura. Yalikuja ili walowezi wapate mchezo wao wa nyumbani. Na Wakikuyu wa zamani hawakula samaki kabisa. Kwao samaki na nyoka ni ndugu.

"Nilikuja huu mto mwaka 1960," mzee akaniambia. "Nilikuwa na miaka kumi na nne. Mzungu anavua, mimi nabeba. Fimbo nabeba, kikapu nabeba. Kurusha, hapana. Jioni kikapu kinakwenda kwake, mimi nakwenda kwetu na senti zangu. Usiku nilikuwa nakata kijiti nafanya mazoezi ya kurusha kwenye nyasi, ili ng'ombe tu ndio wanione."

Alikaa kidogo, akafunga uzi mzunguko mmoja.

"Uhuru ulipokuja nilifanya kazi, nikaweka pesa. Mwaka 1970 nikanunua leseni yangu mwenyewe. Nikavua mmoja, mdogo tu. Nikamtundika kwenye kijiti nikapita naye barabarani mchana kweupe, kila mtu aone. Baba yangu akakataa hata kumtazama, akasema nimeleta nyoka nyumbani. Nikampika mwenyewe, nikala peke yangu mpaka mifupa." Akaniangalia juu ya miwani. "Miaka yote nimebeba samaki wa wenyewe. Sasa mtoto wangu ananiambia nimrudishe. Nimrudishie nani?"

Nilikosa la kusema. Machozi yalinilenga, nikajifanya namsogezea kikombe cha chai.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mume wangu alipofungua vidole vyake pale mtoni, yeye aliona anamwachia samaki binti yake. Baba yake aliona kikapu kinaondoka tena kwenda kwa mwingine. Wote wawili walikuwa wanataka kitu kimoja, kwamba huu mto uwe wetu. Na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Lakini ngoja, stori haijaisha. Aliyenimaliza ni mama mkwe.

Alikuwa amekaa kimya anamenya viazi muda wote. Mzee alipotoka kwenda kuangalia ng'ombe, akaja akaketi kwenye kiti chake, akamtazama yule nzi aliyefungwa nusu, akaukata uzi wote. Kisha akaanza upya. Sijawahi kuona vidole vinakwenda hivyo! Dakika tatu, nzi kakamilika, unaweza kudhani ataruka.

Kumbe mama mkwe alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya kufunga nzi. Wengi hatujui, lakini Kenya ni moja ya nchi zinazowafungia nzi wavuvi wa dunia. Wanafungwa kwa mkono na vijana na akina mama, kisha wanauzwa Ulaya na Marekani. Yule bwana wa Scotland anayejisifu kwa nzi wake, huenda kafungwa na mama wa Kenya ambaye hajawahi kuliona ziwa lake. Mama alikuwa analipwa kwa dazeni. Wanawe wamesoma kwa dazeni hizo.

Nikamuuliza, "Mama, na wewe umewahi kuvua?"

Akacheka kicheko kifupi. "Nani alinipa fimbo? Hawa wawili wanagombania samaki miezi mitatu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama na mimi nataka."

Dada zangu, hapo nilikaa kimya kabisa. Mimi mwenyewe nilikuja kusuluhisha wanaume na nilikuwa nimempita huyu mama jikoni kwa salamu tu.

Nikamwambia mume wangu usiku ule kwa simu, "Jumamosi njoo. Mama yako anataka kuvua." Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Mama?" Mzee naye nilipomwambia akasema neno hilo hilo, kwa sauti ile ile. Kama vile wameambizana!

Jumamosi tukashuka mtoni wote. Mama mkwe kavaa gumbuti za kukamulia ng'ombe na leso kichwani. Nzi alijifungia mwenyewe. Mzee akampa fimbo yake ya mianzi, ile ambayo hata mimi siruhusiwi kuifuta. Baba na mwana wamesimama mbali mbali kama watu waliokutana kituo cha basi.

Mrusho wa kwanza, nzi mtini. Wa pili, nzi kwenye leso yake mwenyewe. Mzee akashindwa kuvumilia, "Polepole, subiri mshipi unyooke nyuma kwanza." Mume wangu akaingilia, "Mama, usikunje kiganja." Mzee akasema, "Kiganja hakina shida, shida ni haraka." Mume wangu akajibu, "Baba, tatizo ni kiganja, mwangalie tena." Wakaangaliana. Kisha wakaendelea kubishana. Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, wanaongea!" Nikambana mkono anyamaze.

Ilichukua asubuhi nzima. Mwishowe akanasa mmoja, mdogo, haufiki urefu wa kiganja. Mume wangu akamsogezea kimia. Wanaume wote wawili wakamtazama mama, kila mmoja na sala yake moyoni. Mama akamshika samaki, akamgeuzageuza, akasema, "Huyu ni mtoto. Arudi kwa mama yake. Akija mkubwa tutakula." Akamwachia.

Akakumbuka kitu, akawageukia. "Na mikono nimelowesha. Msije mkaniambia." Maana mkono mkavu unamtoa samaki ule utelezi unaomkinga na magonjwa, na mama alikuwa amelisikia somo hilo kwa mwanawe miaka mingi, akiwa jikoni, bila kuulizwa maoni.

Sitakudanganya kwamba sasa tunaishi peponi. Mzee bado anasema kumwachia samaki ni mchezo. Mume wangu bado anaingiza kipimajoto majini, na maji yakikaribia nyuzi 20 hataki mtu avue kabisa, kwa sababu maji ya moto yana hewa kidogo na samaki akichoshwa hapo anaweza kufa hata ukimwachia. Lakini kuna makubaliano. Tukienda Othaya, samaki mmoja mkubwa ni wa kikapu cha guka, na ni yeye anayesema yupi. Wengine wanarudi. Na mume wangu alipomsikia baba yake akisimulia kuhusu kijiti na nyasi na ng'ombe, alitoka nje akakaa kwenye gari dakika ishirini. Aliporudi macho mekundu. Sikumuuliza.

Sasa turudi kwetu sisi, wanandoa na wachumba. Wengi hatuna mto, lakini kila nyumba ina samaki wake. Mwingine ni mahari inayotumwa kwa simu. Mwingine ni harusi ya watu ishirini wakati wazazi wamealika mia tano. Mwingine ni mume anayembeba mtoto mgongoni mama mkwe akiangalia. Mnagombana nani yuko sahihi, na mara nyingi wote mko sahihi. Kabla hujamwambia mzee wako kwamba amepitwa na wakati, muulize alianzaje. Ile mila unayoitukana, kwake inawezekana ndiyo ilikuwa uasi wake. Na ninyi wazazi mnaotusoma kwa siri, kijana akibadilisha kitu si lazima awe anakutupa. Huenda anajaribu kukihifadhi kwa namna nyingine, ila kakosa adabu ya kueleza.

Tena angalia vizuri nani yuko jikoni anamenya viazi wakati mnagombana. Inawezekana yeye ndiye anayejua kufunga nzi kuliko nyote, na anasubiri tu mtu amwulize.

Mama mkwe amenitumia ujumbe jana. Anataka fimbo yake mwenyewe, na anataka ya kaboni. Mzee amenuna!

Tukutane mwezi ujao tuongee ile bajeti, Mungu akipenda. Mpende aliye karibu yako, na usikose kumpigia mzee wako simu wikendi hii.